Aliyesimama Nyuma ya Kapteni

Ng'ombe hupiga teke la pembeni. Mguu wake huzunguka ubavuni kama mtu anayefagia uwanja, kwa hiyo mswagaji mwenye akili zake husimama nyuma kabisa, usawa wa mkia, na hapo anakuwa salama kama yuko kwake. Hemedi wa Kurui alilijua hilo kuliko alivyolijua jina la babu yake. Miaka kumi mizima alikuwa amepanda malori ya ng'ombe wa mnada wa Pugu, na hakuna ng'ombe aliyewahi kumtoa damu. Ndiyo maana siku alipopandishwa lori moja na farasi hakuona haja ya kumuuliza mtu. Na mtu wa kuulizwa alikuwapo palepale, ila alikuwa amevaa khanga.

Mtu huyo alikuwa Mwanakheri, mjane wa Shomari aliyekuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwenye shamba la mkonge la Mgiriki huko Soga. Watu walizoea kusema Shomari alikuwa na mkono wa farasi. Maneno ya watu. Miaka mitatu ya mwisho Shomari alikuwa kitandani anakohoa, na aliyewasugua wanyama wale, akawachokoa mawe kwenye kwato na kuwatembeza alfajiri kabla mbung'o hawajaamka, alikuwa mkewe. Mshahara ulitoka kwa jina la Shomari. Shomari alipofariki, jina likafutwa na mshahara ukafutwa nalo, lakini farasi waliendelea kuhitaji maji kila asubuhi, na Mwanakheri aliendelea kuwapelekea.

Ilikuwa mwaka 1968. Shamba lilikuwa limechukuliwa na serikali, Mgiriki alikwisha kwenda zake, na meneja mpya alikuwa kijana mpole aliyeogopa farasi hata wakiwa wamelala. Walibaki wawili: Zuhura, farasi jike mwekundu, na Kapteni, dume jeusi lililohasiwa. Meneja alimwita Mwanakheri barazani akamsomea barua. Farasi wanatakiwa Kisarawe, kwa Bwana Mifugo, wakavute mkokoteni wa maji wa ofisi, kwa kuwa kule vilimani mbung'o ni wachache.

"Wakifika wazima na watulivu, mama, Bwana Mifugo atahitaji saisi, na mimi nimemwandikia jina lako," alisema. "Wakifika wagonjwa au wakorofi, amri ni bunduki. Hapo na wewe sitakuwa na la kukusaidia."

Mwanakheri aliijua maana yake. Maana yake ni nyumbani kwa kaka yake Mlandizi, kulima mihogo ya wake wawili wa kaka, kula baada ya watoto wao, na badala ya kushukuriwa, yeye ndiye awe wa kushukuru. Alikuwa na miaka arobaini. Alimwambia meneja kwamba farasi watafika.

Lori lilikuja Ijumaa asubuhi, Bedford la mbao ndefu za ubavuni lililokuwa bado linanuka mavi ya ng'ombe. Dereva alikuwa Mfaume, mtu mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na Hemedi alikuwa nyuma, amekaa juu ya mbao anatafuna muwa. Walirudisha gari kinyumenyume hadi kwenye tuta la udongo, wakateremsha lango. Kapteni alipanda kwa heshima, akimfuata Mwanakheri. Zuhura aligoma. Mwanakheri aliomba apewe muda, amwonyeshe ile sakafu, amtie nyasi chini ya miguu. Mfaume akasema muda hana. Hemedi akaruka chini, akachukua fimbo ya mkwaju, akamchapa yule farasi mapajani mara tano, sita, saba, mpaka akaingia kwa kuruka, akagonga kichwa kwenye mbao za mbele na damu ikamtoka juu ya jicho.

"Kapanda," alisema Hemedi, akicheka bila ubaya wowote. Hivyo ndivyo alivyokuwa, wala tusimsingizie. Alimchapa mnyama kama mwingine anavyofunga kifungo cha shati.

Kisha wakafunga kamba. Ng'ombe hufungwa kwa kamba fupi, pua inagusa mbao, asije akageuka njiani na kumchoma mwenzake kwa pembe. Ndivyo walivyofungwa Zuhura na Kapteni, vichwa juu.

"Mfaume, baba, regeza kamba," alisema Mwanakheri. "Farasi lazima ainamishe kichwa. Akishikwa hivi, vumbi na kamasi vinarudi kifuani, na baada ya siku tatu anakufa kwa mapafu. Halafu tupite lami, Kibaha, twende polepole, kila baada ya muda tusimame wapumue."

Mfaume alimtazama kana kwamba lango la lori ndilo lililosema.

"Mama, mimi nimebeba ng'ombe tangu barabara ya Morogoro haijatiwa lami. Unanifundisha kamba? Tunapita porini, tunatokea Kisarawe adhuhuri, mimi niwahi Ijumaa. Panda mbele hapa, au wataka ukakae na waume zako huko nyuma?"

Hemedi alicheka mpaka akapaliwa na muwa. Mwanakheri alipanda nyuma, akasimama katikati ya vichwa viwili, mgongo wake ukigusa chumba cha dereva, mkono mmoja kwenye shingo ya kila farasi.

Njia ile ya porini ilikuwa mbaya, na Mfaume aliipita kama aliyekosana nayo. Kila shimo liliwarusha farasi juu na kuwabwaga. Ng'ombe wakijazwa thelathini ndani ya lori hushikiliana wao kwa wao, lakini wawili hawa walikuwa na nafasi ya kuanguka na hawakuwa na urefu wa kamba wa kuwawezesha kujizuia. Breki ikikamatwa, wanapiga vifua kwenye mbao. Lori likikata kona, kwato zinateleza juu ya mavi yao wenyewe, maana walikuwa wameanza kuharisha. Kabla ya nusu saa Zuhura alikuwa ametota jasho, povu jeupe limemkaa chini ya shingo, na moyo wake ulikuwa unapiga chini ya kiganja cha Mwanakheri kwa kasi ya mtu anayefukuzwa. Mwanakheri alijaribu kufungua fundo. Fundo lilikuwa limejikaza kwa uzito wa mnyama, na alichoambulia ni kucha mbili kung'oka.

"Hemedi! Nipe kisu nikate kamba hii!"

"Ukate kamba, halafu nimfungie nini? Utumbo wangu?"

Mwanakheri aliugonga ukuta wa dereva kwa ngumi. Mfaume akajibu kwa honi.

Kisha wakaingia kwenye kichaka cha bondeni, lori likapunguza mwendo, na mbung'o wakaja. Hakuna aliyewahi kuumwa na mbung'o akasema ni nzi tu. Walimjaa Zuhura tumboni na mapajani, na yeye hakuweza kugeuza kichwa kuwafukuza. Alipiga kelele. Farasi ana kelele moja ambayo watu wengi hufa hawajaisikia, na ni heri yao. Alirusha miguu, akapanda juu kwa miguu ya nyuma, kamba ikamvuta chini, na gari likatumbukia shimoni wakati huohuo. Akaanguka ubavu, kishindo kikatikisa lori zima, shingo ikabaki imening'inia kwenye kamba, macho yamegeuka meupe.

Sasa, ng'ombe akilala ndani ya lori amekufa, maana wenzake watamkanyaga. Kwa hiyo mswagaji ana kazi moja kubwa kuliko zote, kumwinua. Kwanza anaukunja mkia. Ikishindikana anauuma kwa meno. Ikishindikana tena, ana pilipili kichaa zilizopondwa kwenye kijitambaa, na hizo humpaka chini ya mkia. Hemedi alikuwa stadi wa yote matatu, na alipoona mnyama amelala aliruka kutoka nyuma kwa furaha ya mtu aliyeitwa kazini kwake.

"Mwache!" alipiga kelele Mwanakheri. "Hemedi, mwache! Kata kamba kwanza! Anajinyonga!"

Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Hemedi alikwisha kuuma. Mkia ukatoka damu. Akafungua kijitambaa, akapaka, akasugua kwa gumba kama mpishi anayepaka samaki. Zuhura alijikunja mwili wote. Hakuweza kusimama, kwa kuwa kichwa kilikuwa kimefungwa, na hakuweza kulala, kwa kuwa moto ulikuwa ndani yake, basi akapiga miguu popote, na mguu wa mbele ukapenya kati ya mbao za ubavuni, gari likayumba, na mfupa ukakatika. Ulisikika. Kipande chake kilitoka nje ya ngozi, cheupe.

Hemedi alirudi nyuma hatua mbili, akafuta mikono kwenye suruali. Hakuwa ameguswa hata unywele. Mnyama aliyelala hawezi kumpiga aliye nyuma yake, na yeye hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba amesimama nyuma ya farasi, amempaka pilipili, na yuko mzima. Akaamini kabisa kwamba farasi ni ng'ombe asiye na pembe.

"Huyu mwingine asogee," alisema. "Nafasi ndogo."

Akaenda nyuma ya Kapteni.

Mwanakheri alimwona. Alikuwa amesimama, amekiinua kichwa cha Zuhura kifuani kamba isimnyonge, mikono imejaa damu na povu, na juu ya mgongo wa Kapteni alimwona Hemedi anakuja na kile kijitambaa, anasimama pale pale, usawa wa mkia, anauinua mkia kwa mkono wa kushoto. Aliona masikio ya Kapteni yamelala kichwani. Aliona kiuno chake kinashuka. Nafasi ya kusema ilikuwapo, tusidanganyane. Ilikuwa nafasi ya neno moja, jina tu, na Hemedi angeinua uso. Mwanakheri alifumba mdomo, akauma meno.

Teke la farasi halizunguki. Linakwenda nyuma moja kwa moja, miguu miwili pamoja, na nguvu za mwili mzima zinakuwa zimekaa kwenye kwato. Lilimpata Hemedi kifuani. Lilimwinua, likampigiza kwenye lango la nyuma, akaanguka ameketi, miguu imenyooka kama mtoto aliyekalishwa. Kifua kilikuwa kimebonyea. Damu ilimtoka mdomoni na puani, akamtazama Mwanakheri kwa mshangao mkubwa, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu kingine ila damu. Hakuchukua hata dakika.

Mwanakheri alipiga ukuta wa dereva kwa ngumi zote mbili, safari hii akilia, na kwa mara ya kwanza tangu Soga Mfaume akasimama.

Alipanda, akaona. Alimtikisa Hemedi mabega, akamwita, akamwita tena, akatoa mlio kama wa mnyama. Kisha akachukua mtalimbo uliokuwa chini ya magunia. Pigo la kwanza lilimpata Kapteni shingoni. La pili lilichana sikio, damu ikaruka mpaka usoni mwa Mwanakheri. Kapteni alikuwa amefungwa pua kwenye mbao, hana pa kuupeleka uso wake, anatetemeka tu.

"Muuaji! Mnyama muuaji wewe!"

Mwanakheri alipapasa chini, akakuta hendeli ya kuwashia gari. Hakufikiri. Alipiga mkono wa Mfaume ulipokuwa unainuka kwa pigo la tatu, akapiga kwa nguvu zake zote, na kifundo kikavunjika kama ule mguu wa Zuhura, kwa mlio uleule. Mtalimbo ukaanguka. Mfaume akaketi juu ya mavi, ameushika mkono wake.

"Mguse tena," alisema Mwanakheri, "nakupasua kichwa."

Na angempasua. Mfaume alimtazama machoni akaliona hilo, akaanza kulia kwa sauti, kwa mkono na kwa rafiki.

Zuhura alikuwa bado anakoroma. Mguu ule haukuwa wa kutibiwa. Kwao Mwanakheri, mwanamke hachinji hata kuku. Husimama mlangoni na kuku mkononi akingoja mwanamume yeyote apite njiani. Mwanamume aliyekuwapo alikuwa amevunjika mkono, na mwingine alikuwa maiti. Alikichomoa kisu kiunoni mwa Hemedi. Kisu kile kile alichokiomba. Kwanza alikata kamba, Zuhura akateremsha kichwa chake sakafuni, akavuta pumzi ndefu kama aliyekuwa ameingoja kutoka Soga. Mwanakheri akamfunika jicho kwa kiganja, akamtaja Mungu, akachinja. Damu ilikuwa nyingi, ya moto, ilimfika magotini. Alimwambia samahani mara nyingi sana.

Wakulima waliosikia kelele walitoka mashambani. Walileta kitanda, wakamlaza Hemedi, wakamfunika shuka, wakambeba begani kwa zamu. Mwanakheri akamkata Kapteni kamba, akamshusha taratibu kwenye ukingo wa barabara. Hakumvuta. Kapteni aliinamisha kichwa mpaka kwenye nyasi, kamasi na damu na vumbi vikamchuruzika puani muda mrefu, akapumua. Kisha wakatembea nyuma ya kitanda, yeye na Kapteni, na Mfaume nyuma yao, wakapanda vilima, wakafika Kisarawe alasiri.

Bwana Mifugo aliitwa Mwishehe, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimzunguka Kapteni, akamsikiliza kifua, akamgusa sikio lililochanika. Farasi alisimama kimya. Pembeni alikuwapo askari polisi na kitabu chake.

"Shikamoo, bwana," alisema Mwanakheri.

"Marahaba. Huyu ndiye aliyeua?"

"Ndiye. Alipakwa pilipili, bwana. Si mkorofi."

"Ukorofi wake nitauamua mimi. Nataka kujua jambo moja." Alivua miwani. "Marehemu alikuwa mtu wa ng'ombe, hakujua. Wewe ulijua. Ulimwonya? Maana kama mtunzaji hakuonya, kosa ni la mtunzaji, na mtunzaji wa hivyo simwandiki, wala farasi asiye na mtunzaji sitamweka. Nitampiga risasi leo hii."

Mwanakheri alifungua mdomo. Aliyejibu ni Mfaume, ameketi kwenye ngazi, mkono umefungwa kwa kipande cha khanga. Kuhusu mkono ule alikwisha kumwambia askari kwamba umebanwa na lango la lori.

"Alimwonya," alisema, haangalii mtu. "Nilimsikia kwa masikio yangu. 'Hemedi, mwache! Hemedi, mwache!' Alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mimi ndiye sikusimama. Andika hivyo."

"Ni kweli, mama?"

Kapteni alikuwa ameegemeza paji lake mgongoni mwa Mwanakheri, kama alivyozoea.

"Ndiyo," alisema.

Askari akaandika. Bwana Mwishehe naye akafungua daftari lake, akauliza jina la baba, akaandika: Mwanakheri binti Saburi, saisi. Miaka yote mitatu ile ya usiku na mavi na kwato hakuwahi kuliona jina lake limeandikwa na mtu, na sasa lilikuwa pale, kwa wino, na hakutaka kulitazama.

Siku ya tatu alikwenda Kurui kwenye matanga, kwa kuwa asipokwenda watu wangeuliza. Wanawake walikuwa wameketi mikekani nyumba nzima. Mama yake Hemedi, Bi Biubwa, alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, macho yamevimba. Alipoambiwa huyu ndiye mama wa farasi, alimvuta akamkalisha karibu yake, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Mfaume ametueleza," alisema. "Hemedi alikuwa kichwa kigumu tangu tumboni, mwanangu. Hakumsikiliza baba yake, angekusikiliza wewe? Lakini ulimpigia kelele. Mpaka sauti ikakukauka. Mimi usiku nikilala najiambia, walau palikuwa na mtu aliyemlilia asife. Mungu akulipe."

Aliinama akaubusu ule mkono, kwenye vidole viwili visivyo na kucha.

Mwanakheri angeweza kunyamaza. Alikwisha kunyamaza mara moja na dunia haikuanguka, kisha akasema ndiyo moja akapewa kazi. Lakini ile midomo ya yule mama ilikuwa ya moto.

"Kelele zile nilimlilia farasi jike, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Mwanao alipokuwa anamtesa. Alipokwenda nyuma ya yule mwingine nilimwona. Nilijua atapigwa. Nilikuwa na hasira. Nilinyamaza."

Bi Biubwa hakuuachia mkono mara moja. Aliutazama kwanza, kama mtu anayejiuliza umefikaje mikononi mwake. Kisha akampiga kofi, kofi la mwanamke aliyetwanga maisha yake yote, na Mwanakheri akaanguka juu ya miguu ya wenziwe. Wanawake wakainuka. Kulikoni? Amefanya nini? Shangazi wa marehemu akauliza kwa sauti ya juu, akauliza tena, na nje kwenye jamvi la wanaume mazungumzo yakakatika. Mfaume alikuwa huko nje. Balozi wa nyumba kumi alikuwa huko nje.

Neno moja lilitosha. Bi Biubwa alifungua mdomo, kifua kinapanda na kushuka, akamtazama aliyelala mkekani ameshika shavu, akamtazama kwa muda mrefu kuliko Mwanakheri alivyomtazama mwanawe.

"Hakuna kitu," alisema hatimaye. "Uchungu umenipanda kichwani. Mpisheni apite, ana mnyama wa kunywesha."

Kisha akamwinamia, mdomo sikioni.

"Usije ukarudi hapa. Hata siku ya kunizika."

Mwanakheri aliokota khanga yake, akapita katikati ya wanawake, akapita mbele ya jamvi la wanaume, wakamwitikia salamu kwa heshima. Alisimama barabarani, shavu linawaka, akangoja basi la Kisarawe.